Kilima, Mnara na Mkataba: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupangisha Ardhi ya Usharika

(Haya ni maneno yaliyosemwa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi katika semina ya kamati za mipango na maendeleo iliyofanyika Ipelele. Tumeyachapa hapa kwa kuwa sharika nyingine zimeanza kuletewa maombi ya aina hiyohiyo.)

 

 Baridi ya Makete tunaifahamu, lakini viazi vya moto na chai mliyotupa vimetupa nguvu ya kusimama na kusema.

Tumeitwa hapa kwa sababu ya kilima. Wote mnakijua. Ndicho kilima ambacho tangu simu za mkononi zilipoingia vijiji hivi watu wamekuwa wakikipanda jioni kutafuta mtandao, mmoja ameinua simu juu, mwingine amesimama juu ya jiwe akiambiwa asisogee. Sasa amekuja mtu mwenye kifaa cha kupimia na karatasi za kampuni, akasema wanataka eneo la mita 20 kwa 20 juu ya kilima hicho wajenge mnara, na kwamba usharika utalipwa kodi ya pango. Ameacha mkataba wa kurasa 14 kwa Kiingereza na kuomba usainiwe ndani ya wiki mbili.

Wazee wamegawanyika. Wapo wanaosema fedha hizo zitamalizia jengo la chekechea ambalo limesimama kwenye lenta kwa miaka mingi. Wapo wanaosema mionzi itatuua. Wapo wanaosema kilima si cha kanisa bali ni cha kijiji. Na yupo mama mmoja mjane ambaye hakuja kwenye kikao cha wazee, kwa sababu hakualikwa, ila ndiye anayelima viazi mahali hapohapo panapotakiwa. Tutarudi kwake.

Hatukuja kuwaambia mkatae, wala hatukuja kuwaambia mkubali. Tumekuja kuwaomba msisaini leo.

MNARA TUNAUHITAJI

Tuanze kwa kusema ukweli kwamba mnara ni jambo jema. Sisi wa ofisi ya miradi tunakumbuka kazi ilivyokuwa kabla ya simu. Ukitaka kuitisha kikao cha sharika tano unaandika barua, unampa dereva wa basi la Makambako, barua inafika Njombe, inalala stendi, na siku ya kikao mnakuja wawili.

Wagonjwa nao ni hivyohivyo. Mama mjamzito akizidiwa usiku katika kijiji kisicho na mawasiliano, mtu anatumwa kwa miguu kwenda kutafuta gari, na saa nyingi hupita kabla ya safari ya kwenda hospitali ya Ikonda au Bulongwa hata kuanza. Tusisahau pia msiba wa UKIMWI ulioondoa wazazi wengi katika vijiji hivi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12 ulionyesha kuwa mkoa wetu wa Njombe ulikuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote, asilimia 14.8 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49. Wahudumu wetu wa majumbani wanajua tofauti iliyopo kati ya mgonjwa anayeweza kupigiwa simu kukumbushwa siku ya dawa, na yule ambaye ni lazima umpandie mlima.

Tena tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, simu imekuwa mkoba wa fedha. Mtoto aliyeko Makambako au Dar es Salaam anamtumia mama yake fedha za mbolea, na fedha hazipotei njiani. Mkulima wa viazi anauliza bei ya sokoni kabla ya kufunga magunia. Pasipo na mtandao, dalali ndiye anayemtajia bei, naye hana la kumjibu.

Kwa nini basi minara ilichelewa kufika huku? Sababu si ngumu. Kampuni hujenga penye wateja wengi. Kwenye milima na mabonde kama haya mnara mmoja unahudumia watu wachache, na dizeli ya jenereta na barabara ya kuifikisha ni gharama kubwa. Serikali ililiona hilo ikatunga sheria mwaka 2006 ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutoa ruzuku ili kampuni zijenge mahali ambapo biashara peke yake isingezifikisha. Mwezi Mei 2023 kule Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kwa utaratibu huo. Kwa hiyo wanaokuja kutafuta vilima wataendelea kuja, na ni heri watukute tumejiandaa.

ARDHI NI YA NANI?

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo tunalolikimbia mara nyingi. Wamisionari wa Berlin walipofika katika nchi ya Wakinga na Wabena miaka ya 1890, na wainjilisti wetu waliowafuata, walipewa maeneo na wazee wa mahali kwa neno la mdomo. Mzee alinyoosha mkono akasema, kuanzia mti ule hadi kijito kile. Mti ulishakatwa. Kijito kimehama. Mzee amelala.

Leo tunaongozwa na Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001. Kwa sheria hizo ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na Halmashauri hiyo haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hata kupangisha kuna ngazi zake: kadiri eneo linavyokuwa kubwa na muda unavyokuwa mrefu, ndivyo idhini inavyopanda juu, kutoka Halmashauri ya Kijiji hadi Mkutano Mkuu na kuendelea. Mkataba wa mnara ni wa miaka 10, 15 au 20. Huo si mwaka mmoja wa kukodisha shamba la mahindi, kwa hiyo msidhani kwamba muhuri wa mtu mmoja ofisini unatosha.

Kwa upande wa kanisa kuna jambo ambalo kamati nyingi hazilijui. Usharika hauna mamlaka ya kisheria ya kumiliki wala kupangisha ardhi kwa jina lake wenyewe. Ardhi ya kanisa hushikwa na Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa. Mzee wa kanisa akisaini, au hata mchungaji akisaini, amesaini kama mtu binafsi. Siku mambo yakiharibika atashtakiwa yeye, na usharika utakuwa hauna mkataba.

Jambo la tatu: sheria yetu ya ardhi inaweka mipaka kwa asiye raia, na kampuni nyingi za simu na za minara zina wenye hisa wa nje ya nchi. Kwa sababu hiyo mkataba wa namna hii sharti upite kwa mwanasheria wa dayosisi na katika ofisi ya ardhi ya wilaya. Mkiona unachelewa huko, vumilieni. Haraka haraka haina baraka.

Ndugu Mwenyekiti na ndugu Mtendaji, tunafurahi kuwaona hapa. Ikiwa mpaka kati ya eneo la kanisa na la kijiji haujulikani, basi tuupime pamoja sasa, wakati bado sisi ni marafiki. Fedha zikishaingia, kila mmoja atakumbuka mpaka wa kwake.

KOSA LETU WENYEWE

Wapendwa, tunasema haya si kwa sababu tu wajuzi. Tumeyajua kwa kukosea.

Miaka iliyopita usharika mmoja katika eneo letu ulituletea mkataba kama huu. Nasi, ofisi hii hii inayowahubiria leo, tuliusoma kwa haraka. Tuliangalia kiasi cha fedha, tukaona ni kizuri, tukasema Mungu amejibu maombi. Mkataba ulikuwa wa miaka 10. Hatukuona kwamba hakuna mahali popote palipoandikwa kuwa kodi itapanda. Hatukuona kwamba kampuni inaweza kuuvunja kwa taarifa ya miezi mitatu, wakati usharika hauwezi kuuvunja kabisa. Hatukuona kwamba malipo yangepitia akaunti ya mtu mmoja, mtunza hazina, kwa sababu usharika haukuwa na akaunti ya benki.

Mtunza hazina huyo alikuwa mtu mwaminifu. Hatukuwahi kumkuta na kosa. Lakini alifariki, na nakala pekee ya mkataba ilikuwa katika sanduku lake. Ndugu zake walipogawana vitu, sanduku lilikwenda na vitu vingine, na karatasi zikaonekana ni takataka. Kodi ikaendelea kuingia katika akaunti ya marehemu, ambayo hakuna aliyeweza kuigusa. Usharika ulipokwenda kuuliza ulijibiwa, leteni mkataba wenu. Hawakuwa nao. Nasi hatukuwa nao, kwa sababu hatukuweka nakala ofisini.

Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja kulinyoosha jambo lile. Kampuni haikuiba kitu, wala familia ya marehemu haikuiba kitu. Kilichopotea ni karatasi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tulikuwa tukiwafundisha wengine maneno hayo kwenye semina za utunzaji wa vitabu.

Tangu siku ile tumekuwa tukimfikiria nabii Yeremia, sura ya 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, yeye mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi, na binamu yake Hanameli anakuja kumwuzia shamba la Anathothi. Angalieni jinsi alivyofanya. Alipima fedha, shekeli 17, mbele ya mashahidi. Hati iliandikwa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi. Mashahidi waliweka saini. Kisha akamwagiza Baruku, mbele ya watu wote, aziweke hati zote mbili katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Nabii yule aliamini kwamba Mungu atawarudisha watu wake katika nchi, na bado alihakikisha karatasi zimetunzwa. Kumbe imani haimzuii mtu kutunza nakala.

MAMBO YA KUTAZAMA KATIKA MKATABA

Tunaomba kamati iyaandike haya katika daftari.

Kwanza, lugha. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hakuna aibu kudai mkataba wa Kiswahili, au tafsiri iliyothibitishwa, ili kila mzee ausome mwenyewe.

Pili, msiuze. Baadhi ya watu watawaambia ni rahisi kuuza kabisa kipande kile. Mkipangisha, ardhi inabaki ya kanisa, na muda ukiisha mnazungumza upya. Mkiuza, wajukuu wenu watapita pembeni ya uzio.

Tatu, kodi ipande. Tuchukue mfano tu, maana kiasi halisi kitatokana na mazungumzo yenu. Tuseme mmekubaliana shilingi 300,000 kwa mwezi. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, basi baada ya miaka 10 laki hizo 3 zitanunua vitu vya kama shilingi 184,000 za leo, na baada ya miaka 20 kama shilingi 113,000 tu. Lakini mkiandika kwamba kodi itapanda asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 10 mtakuwa mnapokea takriban shilingi 488,000, na thamani yake itakuwa ileile ya leo. Sentensi moja tu katika mkataba ndiyo inayoleta tofauti hiyo.

Nne, kodi ya serikali. Laki 3 kwa mwezi ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kampuni huzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Kwa hiyo mkononi mtapata 3,240,000. Msije mkamshuku mtunza hazina kuwa amekula 360,000. Ila mdai cheti cha kodi ya zuio kila mnapolipwa, na mkitunze.

Tano, mpangaji wa mpangaji. Siku hizi mnara mmoja hubeba mitambo ya kampuni mbili au tatu, na minara yenyewe huuzwa. Tigo ilikubaliana kuuza minara yake nchini kwa kampuni ya Helios Towers mwaka 2010, na Vodacom ikafuata mwaka 2013. Ni biashara halali. Lakini ninyi mwandike kwamba mnara ukihamia kwa mwingine mtaarifiwe kwa barua, kwamba mwenye mnara mpya atafungwa na masharti yaleyale, na kwamba kampuni ya pili ikipanda juu ya mnara, usharika nao uongezewe kitu.

Sita, njia na maji. Magari ya mafuta na ya mafundi yatapita wapi, na mvua ikiharibu njia nani ataitengeneza? Jenereta iwe mbali na chanzo cha maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, na kijito mnachokinywa kinaanzia chini ya kilima hichohicho. Ombeni kuona kibali cha mazingira kabla shimo la kwanza halijachimbwa.

Saba, mwisho wa mkataba. Nani ataondoa mnara, uzio na zege? Isipoandikwa, mtabaki na msingi wa zege ambao jembe haliliwezi.

Nane, nakala. Ziwe nne: moja usharikani, moja jimboni, moja dayosisini, na moja kwa Mtendaji wa kijiji. Malipo yaingie katika akaunti ya benki yenye watia saini watatu, mmoja wao akiwa mwanamke.

Tena tuseme jambo ambalo halifurahishi. Kilima chenu si kilima pekee. Mkidai fedha kama za mnara wa katikati ya mji wa Njombe, fundi atahamia kilima cha pili na mtabaki bila fedha na bila mtandao. Dai lenu liwe la haki kwa pande zote mbili.

HOFU YA MIONZI NA RADI

Hofu hii tusiidharau, maana anayeogopa ni mzazi wa mtoto. Tunayoyajua ni haya. Mawimbi ya redio ya simu hayana nguvu ya kuvunja chembechembe za mwili kama yanavyofanya mionzi ya eksirei. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa maana kwamba ushahidi uliopo ni mdogo na uchunguzi uendelee. Nguvu ya mawimbi hupungua haraka kwa umbali: ukienda mbali mara mbili, inabaki robo. Na simu iliyo sikioni, mahali penye mtandao hafifu, hulazimika kutumia nguvu zaidi kuutafuta mnara ulio mbali.

Kwa nchi yetu wanaopima mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Kamati inaweza kuwaandikia na kuomba vipimo vifanyike baada ya mnara kuwashwa, na majibu yasomwe mbele ya wanakijiji. Mnara usijengwe karibu na darasa, si kwa sababu ya mionzi tu bali pia kwa ajili ya kelele za jenereta na moshi wake.

Kuhusu radi, mnara uliojengwa vizuri huwa na waya nene za kuipeleka radi ardhini. Lakini wafundisheni watoto wasikimbilie kwenye uzio wa mnara wakati wa ngurumo. Na wale wanaosema mnara hufukuza mvua, tuwajibu kwa upole kwamba mvua ilikuwa ikikosekana miaka mingine hata kabla ya simu kuja.

FEDHA ZIKIJA

Kampuni inaweza kuwapa malipo ya miaka mitano kwa mkupuo. Katika mfano wetu, baada ya kodi, hizo ni shilingi 16,200,000. Zitatamanisha. Jengo la chekechea litaezekwa, na tutaimba. Halafu kwa miaka mitano hakutaingia kitu, na wazee watakaochaguliwa baada yenu watakuta daftari tupu na mnara umesimama. Ushauri wetu ni kupokea mwaka kwa mwaka, na kama ni lazima mkupuo, basi usizidi miaka miwili.

Mgao uamuliwe kabla ya fedha kuja, uandikwe katika muhtasari, na usomwe kanisani Jumapili. Hesabu isomwe mara mbili kwa mwaka, na ibandikwe mlangoni ambapo hata asiye msharika anaweza kuisoma.

Kwa wahisani wetu tuna maneno mawili. La kwanza, msione mnara mkasema sasa Ipelele wamejitosheleza. Shilingi milioni 3 na kitu kwa mwaka hazilipi mwalimu mmoja wa chekechea mwaka mzima kwa mshahara wa haki. La pili, kama mnataka kutusaidia kwa njia itakayodumu, tusaidieni kupima viwanja vya sharika na kuvisajili kwa jina la Wadhamini. Kazi hiyo haina jiwe la msingi wala picha nzuri ya kupeleka nyumbani, lakini bila hiyo majengo mliyotujengea yamesimama juu ya neno la mzee aliyelala.

MAMA WA VIAZI

Tulisema tutarudi kwake. Mama huyu amelima juu ya kilima kile tangu mumewe alipofariki. Usharika ulimruhusu, hakuna aliyeandika. Sasa tumesikia mzee mmoja akisema, hana karatasi, aondoke tu.

Ndugu zetu, sisi tunaodai ardhi hii kwa neno la mdomo la mzee aliyenyoosha mkono, tunamwambia nani kwamba hana karatasi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji inatambua haki ya kimila hata pale ambapo cheti hakijatolewa, na inakataza kumnyima mwanamke ardhi kwa sababu ya mila. Lakini hata sheria ingenyamaza, Biblia haikunyamaza. Ahabu alipolitamani shamba la Nabothi alikuwa tayari kulipa fedha, tena alikuwa tayari kumpa shamba lililo jema zaidi. Nabothi alipokataa, zikaandikwa barua zenye muhuri wa mfalme, na wazee wa mji wakakaa kikao na kutekeleza. Wazee wa mji wale walifuata utaratibu, wapendwa. Walikuwa na kikao na mashahidi wawili.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kuhusu mama huyu. Aitwe kikaoni, aketi, asikilizwe. Mpimaji aulizwe kama mnara unaweza kusogea hadi upande wa mawe ambapo hapalimiki. Na ikishindikana, apewe shamba lingine lenye ukubwa na rutuba ileile, alipwe kwa mazao yaliyomo ardhini, na yote yaandikwe kabla ya mkataba wa mnara kusainiwa. Fedha ya kwanza ya mnara isije ikanunua bati la chekechea huku mtoto wa mjane analala njaa.

TUNAPOMALIZIA

Tunaomba kikao hiki kiondoke na maazimio haya. Hakuna atakayesaini kwa wiki hizi mbili. Barua ya heshima iandikwe kwa kampuni leo hii, kwamba tumepokea ombi, tunalipenda, na tunahitaji siku 60. Kampuni yenye nia ya kukaa miaka 15 itangoja siku 60. Mpaka upimwe, wanakijiji na washarika wakiwepo. Mkataba uje dayosisini, na safari hii tutausoma kurasa zote 14. Mkutano Mkuu wa Kijiji uitishwe. Na mama yetu wa viazi aalikwe kikao kijacho, aletewe taarifa nyumbani kwake na wazee wawili, si kwa kutumiwa mtoto.

Mungu akipenda, mnara utasimama. Siku hiyo hakuna atakayelazimika kupanda kilima kutafuta mtandao ili aite gari la mgonjwa. Tunataka siku hiyo kila mtu wa Ipelele, akiutazama mnara ule, awe na amani nao.